Mreno aliteka kambi kubwa za FRELIMO mwaka 1970. Sasa alishindwaje vita? (Uzi mrefu)

Mwana wa Newala

Wakuu, habari za jioni.

Ukisimama pale Shimo la Mungu, Newala, bonde la Ruvuma lote liko miguuni pako, na ng'ambo unaiona Msumbiji kwa macho yako. Nimekulia huko. Bibi yangu mzaa mama, Mmawia wa kule ng'ambo, alikuwa akitunyooshea kidole jioni: "Kule ndiko nilikopeleka masanduku." Masanduku ya risasi. Alibeba kichwani, usiku, kwa miguu, siku kadhaa kwenda na kurudi. Utosini, pale ngata inapokaa, nywele hazikuota tena mpaka anaingia kaburini.

Juzi kwenye kundi moja la WhatsApp jamaa akasema Msumbiji hawakupigania kitu, waliachiwa uhuru baada ya wanajeshi kupindua serikali kule Lisbon. Nikamwambia nitaandika. Ndio huu.

Nitasema mapema ninachoamini ili mnipinge vizuri: vita hivi vya uhuru wa Msumbiji havikuwa na pigano moja kubwa la kumaliza kazi. Kila mara Mreno alipopiga mahali, mwenzake alikuwa ameshahama. Siku FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, walipojifunza kwamba uwanda wa Wamakonde kule kaskazini si nchi nzima, Mreno alikuwa amekwisha, ila hakujua.

Tuanzie Mueda, mji wa uwanda huo wa Wamakonde, 16 Juni 1960. Wakati huo Wamakonde wengi wa Msumbiji walikuwa wamevuka kuja Tanganyika kukata mkonge, kukimbia kazi za lazima na pamba ya lazima. Huku wakaona TANU inavyokusanya watu, wakasikia neno uhuru, wakalirudisha nyumbani. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane wakaenda ofisi ya mtawala wa Mueda kudai mambo yao. Siku ile umati ulijaa uwanjani, na gavana akaja kutoka Porto Amélia, ambayo leo ni Pemba. Viongozi wakafungwa kamba, watu wakakataa wasichukuliwe, askari wakafyatua risasi. FRELIMO baadaye walitaja waliokufa zaidi ya 500. Karatasi za Wareno zinataja chini ya 20. Mbishane mnavyotaka juu ya idadi, lakini baada ya siku ile pale Mueda hukuwa na wa kumwambia habari ya maombi kwa barua.

Miaka miwili baadaye, 25 Juni 1962, vyama vitatu (MANU, UDENAMO na UNAMI) viliunganishwa Dar es Salaam, ikazaliwa FRELIMO. Rais wake akawa Eduardo Mondlane, mtu wa Gaza kule kusini, daktari wa falsafa aliyesoma Marekani na kufanya kazi Umoja wa Mataifa. Vijana wa kwanza walipelekwa Algeria kujifunza vita. Waliorudi wakakaa Kongwa, baadaye Nachingwea.

Hapo nicheke kidogo. Kongwa na Nachingwea ndipo Mwingereza alipomwaga mamilioni ya pauni kulima karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, karanga zikamkatalia. Mashamba yale yale ndiyo yaliyokuja kuotesha wapiganaji. Kituo cha Nachingwea chenyewe kilikuwa Farm 17, jina la enzi za karanga.

Naendelea baada ya kula.

Dogo wa Temeke

Nimeweka kambi hapa. Mkuu usituache njiani kama wale wengine wa "itaendelea".

Kinu

Shusha nondo mkuu. Ila fafanua, Mmawia ni nani? Vijana hawajui.

Mwana wa Newala

Mkuu Kinu, Wamawia ndivyo huku kwetu tulivyowaita Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, wale wenye chanjo usoni. Wenyewe hawakulipenda sana. Bibi ukimwita hivyo alikununia, halafu akajiita mwenyewe.

Turudi. Chai, usiku wa 25 Septemba 1964. Hii Chai si ya kunywa, ni kituo cha utawala katika Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini unaopakana na sisi. Kikosi kidogo kikiongozwa na Alberto Joaquim Chipande kilikisogelea. Kwa simulizi yake mwenyewe, mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya nyumba ya mkuu wa kituo, na mpango ulikuwa yeye ampige yule mlinzi, risasi hiyo iwe ndiyo ishara kwa wengine. Mkuu wa kituo aliposikia mlio akafungua mlango atoke nje, akapigwa palepale mlangoni.

Kijeshi Chai ni kitu kidogo. Kule Msumbiji kwenyewe watu hubishana nani hasa alipiga risasi ya kwanza na wapi. Sitaingia huko. Tarehe ile imebaki siku ya majeshi yao.

Waliofundishwa wakati vita vinaanza walikuwa kama 250. Hesabu vizuri: 250 kwa nchi ambayo kutoka Ruvuma mpaka Lourenço Marques, Maputo ya leo, ni zaidi ya kilomita 1,500. Walijaribu kuwasha moto sehemu nne kwa mkupuo: Cabo Delgado, Niassa, Zambezia na Tete. Zambezia na Tete zikazimika.

Bint Songea

Kwa nini zikazimika? Watu wa kule hawakutaka?

Mwana wa Newala

Walitaka, dada. Tatizo ni Malawi. Angalia ramani: Malawi imejichomeka katikati kama kabari, na wakati ule bidhaa zake karibu zote zilipita bandari za Msumbiji. Banda, kiongozi wake, akaona hawezi kugombana na Mreno aliyemshikia mlango. Mpiganaji wa kutoka Tanzania kwenda Tete hakuwa na pa kupitia na mzigo wake. Ndiyo maana miaka ya mwanzo vita vilibaki kaskazini tu, kwenye mikoa iliyopakana na sisi. Tete ilifunguliwa tena Machi 1968, wapiganaji wakipitia Zambia.

Kaskazini kwenyewe, silaha kubwa ilikuwa bomu la kutegwa ardhini. Barabara ya kutoka Mocímboa da Praia kupanda Mueda, mchanga mtupu, ndiyo iliyopitisha kila kitu cha Mreno, kuanzia mafuta hadi bia. Mbele ya msafara walitembea askari kwa miguu, kila mmoja na fimbo ndefu yenye ncha ya chuma, wanachoma mchanga hatua kwa hatua. Nyuma yao lori moja limejazwa viroba vya mchanga, kazi yake kulipukiwa badala ya wengine. Mwendo wa saa chache ukawa wa siku nzima na zaidi. Fikiria kijana wa miaka 20 kutoka kijiji cha Ureno, hajawahi hata kuliona Lisbon vizuri, anachoma mchanga wa Wamakonde kwa fimbo juani tangu asubuhi. Huyo kijana mkumbukeni, tutamhitaji mwishoni mwa uzi.

Mzee Kijiweni

Uzi umetulia. Ila unapita haraka mambo ya ndani ya FRELIMO. Mimi nilikuwa Dar miaka ile, nikisoma. Tulisikia mengi.

Mwana wa Newala

Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa nakuja huko huko, kwa sababu kwangu mimi 1968 na 1969 ni kipindi kizito kuliko pigano lolote.

Kamanda wao wa kwanza, Filipe Samuel Magaia, aliuawa Oktoba 1966 kule Niassa kwa risasi ya mmoja wa wapiganaji wake. Nafasi yake akaichukua Samora Machel, muuguzi wa zamani wa Lourenço Marques. Machi 1968 shule yao ya Dar, Taasisi ya Msumbiji, ikalipuka kwa vurugu za wanafunzi. Mei, ofisi yao ya Dar ikavamiwa, akafa Mateus Sansão Muthemba.

Chini ya yote haya kulikuwa na Lázaro Kavandame, mzee wa Kimakonde, bwana wa ushirika wa pamba tangu miaka ya 1950, mwenyekiti wa Cabo Delgado. Kule maeneo yaliyokombolewa watu walikuwa wakileta karanga, ufuta, nta na vinyago upande wetu, wanarudi na chumvi, nguo na majembe. Biashara hiyo ilipita mikononi mwa Kavandame na watu wake, na wenzake walimshutumu kwamba mwananchi anabeba gunia mpaka Ruvuma halafu anapewa chumvi ya kiganja. Bibi alikuwa na neno lake juu ya hilo: "Tulimtoa Mreno dukani, akaingia wa kwetu."

Kavandame naye akataka Cabo Delgado ijitawale yenyewe, wengine watajijua.

Julai 1968 FRELIMO wakafanya mkutano wao mkuu wa pili huko huko ndani ya Msumbiji, Matchedje, Niassa. Kitendo tu cha kukutana porini kwenye ardhi yao kilikuwa ushindi. Wareno walikuja kupiga mabomu pale wajumbe wameshaondoka. Kavandame hakuhudhuria. Desemba, Paulo Samuel Kankhomba, kamanda, akauawa alipovuka kuja upande wetu. Halafu 3 Februari 1969, Mondlane akafungua kifurushi cha kitabu katika nyumba ya rafiki ufukweni Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na bomu. Akazikwa Kinondoni.

Mzee Kijiweni

Marahaba. Siku ile mji ulinyamaza. Mimi nilidhani ndiyo basi, hawa watu wamekwisha. Hata Wareno nadhani waliona hivyo.

Likongowele

Nipinge kidogo. Mnamchora Kavandame kama msaliti tangu tumboni. Nani aliyekuwa akifa? Wamakonde. Nani aliyekuwa akipika, akibeba, akichomewa nyumba? Wamakonde. Vyeo vikubwa vikaenda kwa nani? Mondlane Gaza, Samora Gaza. Ukiwa na akili timamu hutauliza?

Mwana wa Newala

Mkuu Likongowele, swali lile lilikuwa halali na sitaliita usaliti. Bibi mwenyewe aliuliza mpaka uzeeni. Jibu alilolichagua Kavandame ndilo lililomwangusha. Aprili 1969 alivuka akajisalimisha kwa Wareno, nao wakamtumia kwenye propaganda zao wakitegemea uwanda mzima utamfuata.

Uwanda haukumfuata.

Hilo halisemwi vya kutosha. Watu waliokuwa na kila sababu ya kuchoka, waliodai haki yao ndani ya chama na hawakuipata yote, waliitwa na mzee wao mkubwa warudi kwa Mreno, na hawakurudi. Bibi alisema walipoisikia habari walikaa kimya, halafu mmoja akauliza mzigo wa kesho unaondoka saa ngapi.

Uongozi ukapita kwa watu watatu, Uria Simango, Samora na Marcelino dos Santos. Simango akatoa waraka wa kuwalaumu wenzake, akafukuzwa. Mei 1970 Samora akawa rais. Hapo ndipo FRELIMO ilipokuwa kitu kimoja, kwa uzuri wake na kwa ukali wake.

Na mwezi uliofuata Mreno alikuwa anapasha injini.

Dogo wa Temeke

Operesheni Nó Górdio hiyo inakuja. Leteni karanga za Nachingwea.

Mwana wa Newala

Haha. Ndiyo yenyewe.

Jenerali Kaúlza de Arriaga, mkuu wa majeshi ya Mreno kule Msumbiji, aliamini vita vya msituni vinaweza kumalizwa kwa kishindo kimoja. Akaipa operesheni yake jina la lile fundo la hadithi za kale lililoshindikana kufunguliwa mpaka likakatwa kwa upanga. Ilianza 1 Julai 1970: ndege, mizinga, helikopta, makomando, askari wa miamvuli, matingatinga ya kufungua njia. Idadi inayotajwa mara nyingi ni askari 35,000, ndiyo operesheni kubwa kuliko zote katika vita vile. Shabaha zilikuwa kambi kubwa za uwanda wa Wamakonde, zilizoitwa Moçambique, Gungunhana na Nampula.

Wakaziteka. Tuseme ukweli, kwenye karatasi Kaúlza alishinda. Silaha zilipatikana, vibanda vikachomwa, picha zikapigwa. Raia wakasombwa na kuwekwa kwenye vijiji vyenye ua wa nyaya. Lakini wapiganaji wengi walikuwa wameshatawanyika kwa vikundi vidogo, wengine wakavuka Ruvuma. Bibi alisimulia usiku mmoja mtumbwi ulivuka ukiwa umejaa cherehani, vyungu na mtoto mmoja mgonjwa, hakuna bunduki hata moja, kwa sababu bunduki zilienda upande mwingine.

Upande gani? Tete.

Kombora

Mkuu naomba niongeze. Pale Naliendele, Mtwara, kuna makaburi ya wanajeshi wetu wa JWTZ waliokufa kwenye vita hivi vya kumtoa Mreno. Tusiwasahau.

Mwana wa Newala

Ahsante mkuu, ila hapo nikurekebishe, watu wengi wanachanganya. Mashujaa wa Naliendele ni wa 1986 hadi 1988, walipokwenda kuisaidia serikali ya Msumbiji dhidi ya waasi wa RENAMO. Ni vita vingine kabisa. Katika vita vya Mreno mchango wetu mkubwa ulikuwa ardhi, kambi, bandari, hospitali ya Mtwara, na makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) pale Dar. Na wanakijiji wa kandokando ya Ruvuma walilipa: ndege za Mreno zilivuka zikaangusha mabomu, na mabomu ya ardhini yalitegwa mpaka upande wetu.

Sasa Tete. Kule Mreno alikuwa anajenga bwawa la Cahora Bassa juu ya Zambezi, umeme auziwe Kaburu wa Afrika Kusini, na bondeni wajazwe walowezi. FRELIMO hawakuwahi kulizuia, lilijengwa likaisha. Ila halikuweza kujengwa bila saruji na vyuma, na hivyo havikuweza kufika bila barabara na reli. Kila nguzo ya reli ikahitaji mlinzi. Wakati Kaúlza amerundika jeshi lake kaskazini, mwishoni mwa 1970 wapiganaji walishavuka Zambezi kwenda kusini. Julai 1972 wakafungua uwanja wa Manica na Sofala. Tazama ramani tena: hapo wamefika kwenye kiuno cha nchi, njia ya Beira kwenda Rhodesia, mashamba ya walowezi.

Hofu ikaleta unyama. 16 Desemba 1972, kusini mwa mji wa Tete, makomando wa Kireno waliingia Wiriyamu na vijiji jirani, Juwau na Chawola. Waliua watu karibu 400, wanawake na watoto humo, wengine wakachomwa ndani ya nyumba zao. Mapadri wa misheni walikusanya majina, jina moja moja, wakayatoa nje. Julai 1973 padri Mwingereza, Adrian Hastings, akayachapisha katika gazeti la The Times siku chache kabla Marcello Caetano, waziri mkuu wa Ureno, hajatua London kwa ziara ya heshima. Akapokewa na maandamano. Mwaka huo huo Kaúlza akaondolewa.

Januari 1974 mashamba ya walowezi yakashambuliwa Manica. Wazungu wa Beira wakaingia mtaani, lakini hawakuwaandamania FRELIMO. Waliandamania jeshi lao, wakalizonga bwalo la maafisa wakiwaita waoga.

Kombora

Nimeelimika kuhusu Naliendele, ahsante. Ila bado hujajibu hoja ya yule jamaa. Bila Aprili 25 Lisbon, Mreno angeondoka?

Likongowele

Hapo hapo. Mimi nasema FRELIMO hawakuteka mji hata mmoja mkubwa.

Mwana wa Newala

Kweli, hawakuteka. Sasa mrudisheni yule kijana wa fimbo na mchanga.

Afisa wake wa ngazi ya kapteni ametumwa Afrika mara ya pili, ya tatu, Angola, Guinea ya Mreno (leo Guinea-Bissau), Msumbiji. Anaona wakubwa wanatangaza ushindi kila mwaka na kila mwaka vita viko kilomita mia zaidi kusini. Halafu walowezi anaowalinda wanamtupia mawe na kumwita mwoga. Waliopindua 25 Aprili 1974 ni makapteni hao. Mapinduzi hayakudondoka kutoka mbinguni, yalichemshwa porini kwa miaka kumi. Guinea ilichangia, pengine kuliko Msumbiji, hilo nakubali. Lakini kusema waliachiwa tu ni kumtoa mwenye shamba kwenye mavuno.

Na vita havikuisha siku hiyo. Jenerali Spínola, aliyewekwa kuwa rais wa Ureno baada ya mapinduzi, alitaka kwanza bunduki zinyamaze, halafu watu wapige kura ya kuchagua. Juni, Lusaka, Samora akamkumbatia Mário Soares, waziri wa mambo ya nje wa Ureno, mbele ya kamera, lakini kwenye meza akakataa kusimamisha vita kabla uhuru haujakubaliwa.

Ndipo ikaja Omar, ninayoipenda kuliko zote. Kituo cha Mreno karibu na Ruvuma, Cabo Delgado. 1 Agosti 1974 wapiganaji walikizunguka alfajiri, wakatoa kipaza sauti, wakawaambia walio ndani kwa Kireno kwamba vita vimekwisha, nyumbani kwao serikali imeanguka, kwa nini wafe sasa? Zaidi ya askari 100 wakatoka wakaweka silaha chini. Wakavushwa kuja Tanzania. Yote yalirekodiwa kwenye kanda, na kanda hiyo wajumbe wa Ureno walichezewa walipokuja kwenye mazungumzo Dar es Salaam. Ukishasikia sauti za askari wako mwenyewe wakikabidhi kituo, unajadiliana nini tena?

Mkataba wa Lusaka ukatiwa saini 7 Septemba 1974. Siku hiyo hiyo walowezi wa Lourenço Marques waliteka redio, wakaishikilia siku tatu nne, wakashindwa. Joaquim Chissano akaongoza serikali ya mpito, na bendera ikapanda 25 Juni 1975.

Bint Songea

Kaka nimesoma wote bila kupumzika. Bibi alirudi kwao baada ya uhuru?

Mwana wa Newala

Hapana, dada. Mei 1975 Samora alitoka Nachingwea akavuka Ruvuma kuanza safari yake ya kwenda mpaka kusini, na wengi wa huku walirudi nyuma yake. Bibi alifunga mizigo, akaenda mpaka mtoni, akalala pale usiku mmoja. Asubuhi akarudi Newala. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini. Alisema mikorosho yake ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuzaa.